Pasi Nzito kwa Kanzu Nyeupe

Nyumba za wageni huku Nyali na Shanzu, Mombasa, zimepata mtindo wao. Pasi ya makaa huwekwa juu ya meza ya mapokezi, kifuniko wazi, ndani umeatikwa mmea wa kutambaa. Nyingine nimeiona imepulizwa rangi ya dhahabu, jogoo wa chuma aliye kwenye kifungio chake naye hakusazwa. Mgeni anapita, anapiga picha, anashuka zake pwani. Sisemi ni haramu. Lakini mimi hukunja uso, maana udongo na maji ya mmea vitaila pasi ile kwa kutu upesi kuliko mwenyewe anavyodhani, na tena naona wazi hakuna aliyewahi kuigeuza akakitazama kitako chake. Kitako ndicho pasi. Yaliyobaki ni mpini na madoido.

Nakusanya pasi za zamani, na sharti langu ni moja: isiyonyoosha nguo haikai kwangu. (Mbili tatu zimepenya kwa mlango wa nyuma, nitazitaja.) Mke wangu ana sharti lake pia, kwamba zisivuke rafu ya stoo. Kila nikiingia na mfuko unaoninginia upande mmoja husikia, "Baba Rukia, hiyo si pasi nyingine?" Nami hujibu kwamba hii ni tofauti. Na kweli huwa ni tofauti, ila maelezo yake ni marefu kuliko subira ya mtu anayesubiri unga.

Pasi hizi haziuzwi madukani. Zipo kwa wauza vyuma chakavu wanaosukuma mikokoteni Majengo na Makupa, zipo pembeni mwa mitumba Kongowea, kwenye maturubai ya vitu vilivyochanganyika, kufuli na bomba na vipande vya baiskeli. Zipo pia chini ya ngazi za nyumba za Mji wa Kale, na hutokeza siku nyumba inapokarabatiwa au warithi wanapogawana. Kijana wa mkokoteni hajui nchi wala mwaka wa pasi, anajua kilo. "Mzee, hiki chuma kitupu, shika mwenyewe uone." Hapo ndipo bahati yangu ilipo, na ndipo msiba ulipo vilevile. Shaba ina bei, kwa hiyo pasi za shaba hutangulia kwenye tanuri, na zinazobaki kwenye mkokoteni ni zile za chuma cha kusubu, nyeusi, ambazo hazina mtetezi. Mwaka 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, mikokoteni ilipungua mitaani, na watu waliotaka kusafisha stoo zao wakaanza kuniulizia mimi. Sikupata neema kama ile tena.

Ya kwanza kujulikana na kila mtu wa pwani ni pasi ya makaa. Ni sanduku la chuma lenye ncha mbele, kifuniko kimeungwa nyuma kwa bawaba, kifungio mbele, mara nyingi chenye umbo la jogoo. Chini ubavuni ina matundu ya kuingiza hewa. Ndani mna chanja ndogo ili makaa yasilale moja kwa moja juu ya kitako na yasijizibie pumzi kwa majivu. Mpini ni wa mti, umeinuliwa juu ya kifuniko, na baina yake na moto pana bati la kukinga vidole. Hakuna la ziada. Mashine nzima inategemea ukweli mmoja: chuma kizito kikishapata moto hakiuachi haraka.

Kwa makaa, usiniletee ya gunia la kawaida nikiwa na vifuu. Makaa ya vifuu vya nazi ni magumu, moshi wake ni haba yakishashika, na vipande vyake vidogo vinajaa vizuri ndani ya pasi bila kuacha mapengo. Nayawasha kwanza kwenye seredani, nje barazani, nayapepea kwa kipepeo cha ukili mpaka weusi uishe na utando wa majivu uanze kupanda, ndipo nayahamisha kwa koleo. Anayeyatia yangali meusi atapata cheche, na cheche ikitua juu ya kanzu ya Ijumaa hakuna fundi wa kuizuia. Kisha pasi inafungwa na kupungwa mbele na nyuma mara chache, ipate upepo, halafu inawekwa kando ya nguo, si juu yake, ivute subira. Nyanya yangu aliyekuwa akipiga nguo za watu kwa malipo alikuwa na jani la mgomba karibu kila siku. Kitako kikipitishwa juu ya jani bichi huacha masizi pale, na unyevu wa jani hukuambia habari: ukisikia mlio mkali na jani likakauka papo hapo, ngoja kidogo, likitoa mvuke wa pole na pasi ikateleza, endelea. Baadaye kwenye kitambaa cha zamani, ndipo kwenye nguo ya mtu. Sijaona kipimajoto kilichoishinda njia hii kwa kazi ya nyumbani.

Kazi ikiisha, makaa hayatupwi. Yaliyobaki mekundu yanaingia kwenye chetezo, juu yake kipande cha udi, na kanzu iliyotoka kunyooshwa inafukizwa hapohapo ingali na joto. Moto mmoja umefanya kazi mbili. Pasi ya umeme inaweza mengi lakini hilo haliwezi.

Neno la tahadhari na nipite: moto huu hauingii chumbani. Makaa yanayowaka mahali palipofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa usingizini. Barazani, uani, au mlangoni penye upepo, basi.

Kabla ya sanduku la makaa kuenea, na hata baada yake, kulikuwa na pasi za chuma kitupu, zisizo na pa kutia moto. Hizo zinapashwa juu ya jiko. Zilikwenda mbilimbili: moja mkononi, nyingine jikoni, ya mkononi ikipoa zinabadilishana. Nyingi za zilizonifikia zilisubiwa Uingereza, na jina ninalolikuta mara kwa mara limesimama juu ya chuma ni Kenrick, kiwanda cha West Bromwich, pamoja na namba ya saizi. Huwa nasugua kutu taratibu kwa siki na brashi ya waya wa shaba mpaka herufi zitokeze; hiyo kwangu ni raha ya peke yake. Halafu napaka nta ya mshumaa kitako kikiwa na uvuguvugu. Hewa yetu ya bahari haina huruma. Chuma kilichosafishwa asubuhi na kuachwa wazi, hasa msimu wa kusi, kitakuonyesha wekundu kabla hujakisahau.

Shida ya pasi zile ilikuwa mpini: chuma kwa chuma, mkono unaungua hata ukifunga kitambaa. Aliyeitatua ni mwanamke, Mary Florence Potts wa Ottumwa, Iowa, Marekani, aliyepata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1871 kwa pasi yenye mpini wa mti unaochomoka. Vitako vinabaki jikoni, mpini mmoja unahama kutoka hiki kwenda kile, ukiwa baridi wakati wote. Tena alikipa kitako ncha pande zote mbili, ili mtu apige kwenda na kurudi bila kugeuza mkono. Ukiishika pasi ile unajua papo hapo kwamba aliyeibuni alikuwa anapiga nguo mwenyewe.

Umeme ulikuja na vioja vyake. Henry Seeley wa New York alipata hataza ya pasi ya umeme mwaka 1882, lakini pasi ya umeme yafaa nini kwenye nyumba isiyo na umeme? Na hata ulipofika, mitambo mingi ilikuwa ya taa tu, inawashwa magharibi na kuzimwa alfajiri. Kule California mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwapo Earl Richardson, mtu wa kampuni ya umeme, aliyegawia wateja pasi zake wazijaribu, kisha akashawishi mtambo uendeshwe mchana wa Jumanne, siku ya kupiga pasi. Wanawake wakamwambia joto linajikusanya katikati, nao wanalitaka kwenye ncha, kwa ajili ya vifungo na mikunjo midogo. Akalipeleka kwenye ncha, na hapo ndipo lilipozaliwa jina Hotpoint. Nampenda Richardson kwa sababu aliuliza mwenye kushika mpini.

Mombasa yetu ilipata umeme kwa njia ya ajabu. Sayyid Barghash wa Zanzibar alikuwa na jenereta ya kuangazia jumba lake na njia za jirani tangu 1875; mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee akaipata ile mitambo na kuileta kisiwani kwetu. Kwa hiyo taa za mwanzo hapa zilitoka kwa Sultani. Pasi zilichelewa sana kufuata. Hata waliokuwa na waya ndani walikuwa na balbu moja au mbili, na pasi za umeme za zamani za Uingereza zilichomekwa palepale kwenye kishikio cha balbu darini, waya unaning'inia kichwani mwa mpiga nguo. Ndiyo maana ukipata pasi ya zama hizo usishangae kuona haina kabisa waya wa athi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Mwili wa chuma, sakafu ya saruji yenye maji, miguu mitupu: hesabu mwenyewe.

Enzi ninayoipenda zaidi kwa matumizi ni ya baadaye, pasi kavu za baina ya miaka ya 1950 na 1980. Morphy-Richards, kampuni ya Kent, Uingereza, iliyoanzishwa 1936, ina ile ya mgongo wa mviringo na mpini mweusi wa bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani. Philips zipo nyingi. Na ipo National, ya Matsushita, Wajapani waliotoa pasi yao ya kwanza ya umeme mwaka 1927. National ndiyo pasi ya watu waliokwenda Uarabuni kufanya kazi. Alirudi mtu na redio, blanketi la manyoya, saa, na pasi ya National ndani ya boksi lake, na boksi lile lilihifadhiwa juu ya kabati miaka na miaka pasi ikiwa kazini kila siku. Nilizo nazo mbili zimetoka nyumba za namna hiyo. Kitako kinene, uzito wa kutosha, kidude cha joto cha kuzungusha, taa nyekundu, kwisha. Hakuna tangi wala matundu.

Na sasa nifike kwenye hoja yangu hasa, maana nimeizungukia vya kutosha. Hapa Mombasa, kwa nguo zetu, pasi nzito kavu ya zamani inaishinda pasi mpya ya mvuke. Sisemi kwa mapenzi ya ukale. Kipya kinyemi, ingawa kidonda, na mimi mwenyewe nimewahi kununua hizo za mvuke, za plastiki, za rangi ya samawati. Zinafanya kazi nzuri mpaka zionje maji yetu. Kisiwa hiki kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya visima vyake ni ya chokaa na chumvi. Yachemshe ndani ya tangi dogo la pasi wiki chache, uone kitakachotoka kwenye matundu: unga mweupe kwanza, kisha maji ya kahawia, na huwa vinachagua kutoka juu ya kifua cha kanzu. Utaambiwa utumie maji yaliyosafishwa. Haya, nenda kanunue maji ya chupa ya kunywesha pasi, kisha uwaambie wa nyumbani.

Pasi kavu haihitaji maji ndani kwa sababu maji yako kwenye nguo. Pamba ikilowa kidogo, vile viunganishi vidogo, visivyoonekana kwa macho, vinavyoshikanisha nyuzi zake vinalegea. Ukija na joto na uzito, nyuzi zinalala sawa, na maji yanapotoka viunganishi vinajishika upya katika mlalo huo. Ndiyo siri yote. Wazee wetu walinyunyizia nguo maji kwa vidole, wakaikunja na kuiviringisha ili unyevu ujieneze, wakaiacha kidogo kabla ya kuipiga. Pasi nyepesi ya kilo moja na kitu inabidi uikandamize kwa bega lako. Ile ya zamani, inayofika kilo mbili au zaidi, inajikandamiza. Wewe kazi yako ni kuielekeza. Kaka wa jirani, mfupa wa bega lake ulikuwa unamsumbua, nilimwazima National yangu. Bado hajairudisha, na kila nikimkumbusha ananipa mahamri.

Kanzu ya pamba iliyotiwa kanji ndiyo mtihani. Nianze na shingo, kwa ndani kisha kwa nje. Tarizi haipigwi usoni hata siku moja: nageuza kanzu, naitandaza tarizi ikitazama chini juu ya taulo nene, napita kwa nyuma ili nyuzi zizame kwenye taulo na zisilale bapa. Pasi ya ncha nyembamba huingia kwenye kona pale tarizi inapokutana na mpasuo wa kifua. Pasi pana za siku hizi hufika hapo zikapapasa tu. Mikono, mabega, kisha mwili kutoka juu kwenda chini kwa mikato mirefu, bila kurudirudi, kwa sababu kanji ikipitiwa mno hugeuka manjano. Ikishaiva, kanzu inasimama. Ukiitundika inatoa mlio kama karatasi mpya. Kwa jua letu na jasho la mchana utapata saa chache za unyoofu huo, lakini ni zile saa za msikitini na za harusi, na hizo ndizo zinazohesabiwa.

Ila nikiri uwezo wa adui: kanzu nyingi zinazouzwa sasa zina polista. Kwa hizo pasi ya makaa ni hatari tupu. Nukta moja kwenye lebo ni kama nyuzi 110, mbili 150, tatu 200, na polista inaishia kwenye mbili. Makaa hayasomi nukta. Polista yangu ninaipiga kwa National ikiwa imeshushwa, na makaa nayaweka kwa pamba na leso.

Matengenezo nayo ni nusu ya utamu. Ndani ya pasi kavu ya zamani mna vitu vichache mno: utepe wa nikromu, yaani nikeli na kromiamu, umezungushwa juu ya karatasi za maika, umebanwa baina ya kitako na chuma kizito cha juu. Pembeni themostati, kijibamba cha metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti. Kikipata joto kinajipinda na kukata umeme, kikipoa kinarudi. Parafujo zote zinafunguka. Fundi ninayemwendea Mwembe Tayari, mzee wa miwani iliyofungwa uzi, hukaa na pasi mapajani akaifungua huku akizungumzia habari za mpira, akakuta utepe umekatika mahali pamoja, akaniambia, "Bwana, hii haikufa, imechoka tu." Pasi mpya iliyobanwa kwa plastiki ya kuyeyushwa hawezi hata kuifungua bila kuivunja, na huwa anairudisha kwa mwenyewe bila kusema mengi.

Kwa anayetaka kuanza, la kwanza ni waya. Waya uliochakaa, ule uliovikwa kitambaa, kwenye pasi za kabla ya miaka ya 1970 unaweza kuwa na asbesto ndani, madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu, na baadhi ya pasi zina bamba la asbesto juu ya koili. Usiukate, usiusugue, usiupulize. Ukiona kitu cheupe cha nyuzinyuzi kinachomeguka, kifunge ndani ya mfuko na umwachie anayejua. La pili, waya mpya uwe na athi na plagi ya pini tatu yenye fyuzi. La tatu, kitako cha kung'aa kisiguswe kwa msasa, kwa maana kung'aa kule ni tabaka jembamba la nikeli au kromiamu, likishaondoka halirudi. Kitambaa chenye maji na chumvi kidogo, kitako kikiwa na uvuguvugu, kinatosha. Shaba ya pasi ya makaa yatosha kupakwa ukwaju, ikaachwa kidogo, ikasuguliwa kwa majivu. Dawa za dukani sijaona faida yake.

Nilisema ziko zilizovunja sharti. Moja ni Coleman ya rangi ya buluu, modeli 4A, yenye tangi la mviringo nyuma kwa ajili ya petroli. Ndiyo, petroli, unaiwasha na moto unanguruma ndani sentimita chache kutoka kwenye ngumi yako. Ni nzuri ajabu na sijaiwasha, wala sina mpango. Nyingine sinayo bado, naiota tu: Silver Streak ya Marekani, ya 1946, iliyotengenezwa kwa mwili wa kioo cha Pyrex kwa sababu vita vilikuwa vimefanya metali kuwa adimu. Kioo chekundu, kijani, au buluu, juu ya kitako cha chuma. Ikitokea Kongowea juu ya turubai baina ya kufuli na bomba, sitabishana bei.

Na ya tatu ni kitako cha Potts, chenye ncha mbili, kizima, bila mpini. Kilikuwa kinazuilia mlango kwenye ghala moja la Bandari ya Zamani. Seremala mmoja wa Kibokoni ameniahidi kunichongea mpini wa mvule, lakini kile kifungio cha chuma cha kukamata kitako hakijui. Mwenye mpini wa namna hiyo, hata uliovunjika mti, tuonane. Chuma chake ndicho ninachokitaka, na kwa kubadilishana nitatoa pasi ya makaa yenye jogoo mzima, kwa sharti kwamba haipandwi maua.